Vipepeo Monaki Malaloni na Wanyama Wanaowala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu malalo ya vipepeo monaki (Danaus plexippus), yaani miti wanayokusanyika na kulala wakiwa safarini na wakati wa majira ya baridi, pamoja na ndege, panya na wadudu wanaowala humo. Mifano mingi inatoka kwenye milima ya kati ya Meksiko na pwani ya California, kwa sababu huko ndiko malalo makubwa yaliko.

## Mambo ya msingi

Malalo ni nini hasa?

Malalo ni mti, au kundi la miti, ambapo monaki wengi hupumzika pamoja wakiwa wamekunja mabawa, kila mmoja akishikilia jani, tawi au gome kwa kucha za miguu yake. Yako ya aina mbili, na watu wengi huchanganyikiwa kwa kutozitofautisha.

Aina ya kwanza ni malalo ya njiani. Kuanzia mwishoni mwa Agosti, vipepeo wanaotoka kusini mwa Kanada na kaskazini mwa Marekani huanza safari ya kwenda kusini, na jioni hukusanyika kwenye miti iliyokingwa na upepo. Hulala usiku mmoja, au siku kadhaa iwapo mvua au upepo wa kinyume umewazuia, kisha huondoka. Aina ya pili ni malalo ya majira ya baridi, ambayo vipepeo huyafikia mwezi wa Novemba na kukaa humo hadi Machi. Malalo ya njiani yanaweza kuwa na vipepeo kumi au maelfu kadhaa. Yale ya majira ya baridi nchini Meksiko huwa na mamilioni.

Kwa nini wanalala pamoja wakati huo tu, na si mwaka mzima?

Monaki wa kiangazi wanaishi ili kuzaana. Hutawanyika mashambani wakitafuta wenzi na mimea ya kutagia, hulala mmoja mmoja, na maisha yao hayazidi wiki chache. Kizazi kinachotoka kwenye pupa mwishoni mwa kiangazi ni tofauti: siku zinapopungua urefu na usiku unapopoa, viungo vyao vya uzazi husimama kukua, hujaza mafuta mwilini kwa kunywa mbochi wa maua, na huweza kuishi miezi minane au zaidi. Hao ndio wanaosafiri na kulala kwa makundi.

Kwa malalo ya majira ya baridi, faida ya kukaa pamoja ndani ya msitu mzito inaeleweka vizuri. Matawi yaliyosongamana huzuia mvua na upepo, huzuia joto la ardhi lisipotee angani usiku, na vigogo vinene huhifadhi joto la mchana. Kipepeo aliye katikati ya kichala, yaani kundi la vipepeo walioshikana tawini, pia ana nafasi ndogo ya kufikiwa na ndege kuliko aliye pembeni. Jambo hili la pili litarudi mara nyingi hapa chini.

Malalo makubwa yako wapi?

Monaki wa mashariki ya milima ya Rocky huenda kwenye misitu ya oyameli (Abies religiosa), mti wa jamii ya misonobari unaoota kwenye milima ya Michoacán na Jimbo la Mexico, kwa kawaida kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000. Wenyeji wa vijiji vya huko walijua siku zote kwamba vipepeo huja, na Wamazahua na Waotomi wanahusisha kufika kwao mwanzoni mwa Novemba na siku za kuwakumbuka marehemu. Wanasayansi walifika baadaye sana. Fred na Norah Urquhart wa Kanada walitumia miongo mingi kubandika alama ndogo kwenye mabawa ili kufuatilia safari, na tarehe 2 Januari 1975 washirika wao, Catalina Aguado na Ken Brugger, walifika kwenye malalo ya Cerro Pelón. Leo eneo hilo lina hifadhi ya hekta 56,259, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Sehemu zinazopokea wageni ni pamoja na El Rosario, Sierra Chincua, Cerro Pelón na Piedra Herrada.

Monaki wa magharibi ya Rocky wengi wao huenda pwani ya California: Pacific Grove, Santa Cruz, Pismo Beach na mashamba mengine ya miti yaliyo karibu na bahari. Huko hulala kwenye mikaratusi iliyoletwa kutoka Australia, pamoja na misonobari na misaipresi ya asili ya Monterey. Msomaji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki atapenda kujua kwamba msaipresi unaopandwa sana huko (Cupressus lusitanica) asili yake ni milima hiyohiyo ya Meksiko, na monaki hulala juu yake pia mahali ulipochanganyika na oyameli.

## Kuyatazama malalo

Ni wakati gani wa siku unaofaa?

Inategemea unachotaka kuona. Asubuhi na mapema vipepeo huwa wametulia kabisa, mabawa yamekunjwa, na upande wa nje wa mabawa hayo una rangi hafifu inayofanana na majani makavu. Wageni wengi hupita chini ya tawi lililojaa vipepeo wasitambue. Huu ndio wakati wa kuhesabu, na pia ndio wakati wa kuwaona ndege wakiwinda.

Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua, hali hubadilika. Jua likigusa kichala, vipepeo hufungua mabawa, hujipasha joto, kisha huruka kwa wingi kwenda kwenye vijito na umande kunywa maji. Wingu likifunika jua ghafla, maelfu huruka kwa pamoja kurudi matawini kabla miili yao haijapoa. Sauti ya mabawa hayo ni kama mvua nyepesi juu ya makuti. Siku ya mawingu mazito huenda usione hata mmoja akiruka, na hilo si dalili kwamba kuna tatizo.

Kipepeo anahitaji joto kiasi gani ili aruke?

Kivulini anahitaji takriban nyuzi 13 za Selsiasi. Akiwa juani anaweza kuruka hata hewa ikiwa baridi zaidi, na akiwa kivulini anaweza kutetemesha misuli ya kifua ili kujipasha joto. Chini ya nyuzi 5 hivi, hata kutambaa kunakuwa kugumu sana. Viwango hivi viwili vinaeleza karibu kila kitu kinachotokea malaloni, kwa kuwa ndege na panya ni wanyama wenye damu moto ambao hufanya kazi yao wakati kipepeo hawezi kusogea.

Nitayatambuaje malalo ya njiani ninapoishi?

Hili ni la msomaji aliye Marekani au Kanada. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kadiri unavyokwenda kusini ndivyo tarehe inavyochelewa, angalia miti iliyo upande usiopigwa na upepo, karibu na maji au na shamba lenye maua, saa moja au mbili kabla ya jua kuzama. Utaona monaki wakizunguka mti uleule, wakitua, wakiinuka, wakitua tena. Rasi zilizoingia majini, kama Point Pelee huko Ontario na Cape May huko New Jersey, hukusanya wengi kwa sababu vipepeo husita kuvuka maji mapana jioni. Rudi alfajiri ukahesabu kabla hawajapata joto. Mti uliotumika mwaka huu huenda usitumike mwakani, ingawa kitongoji kilekile mara nyingi hutumika tena.

Nikae mbali kiasi gani, na nifanye nini nisiwasumbue?

Kipimo bora ni tabia ya vipepeo wenyewe. Kichala kinapofungua mabawa kwa pamoja bila jua kukigusa, kimesumbuliwa, nawe uko karibu mno. Usitikise tawi, usitumie mmweko wa kamera, usipulize pumzi karibu nao, na usivute sigara. Nchini Meksiko utaingia na mwongoza wageni wa jumuiya inayomiliki msitu, na neno lake kuhusu njia na kamba za kuzuia watu lifuatwe bila mabishano. Huko Pacific Grove kuwasumbua vipepeo ni kosa la kisheria tangu miaka ya 1930, na faini yake inaweza kufika dola 1,000.

Ninasisitiza hili kwa sababu ambayo wageni wengi hawaifikirii. Kipepeo wa majira ya baridi anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo. Kila mara anaporushwa bila sababu huchoma sehemu ya akiba inayopaswa kumfikisha Machi, na akiangukia ardhini asubuhi ya baridi hawezi kupanda tena hadi jua limfikie. Leta darubini ya macho mawili; utaona mengi zaidi ukiwa mbali kuliko ukiwa chini ya tawi.

Vipepeo mamilioni wanahesabiwaje?

Nchini Meksiko hawahesabiwi mmoja mmoja. Mwezi wa Desemba watafiti hupima eneo la msitu ambalo miti yake ina vipepeo, na takwimu hutolewa kwa hekta. Makadirio yanayotumika sana ni takriban vipepeo milioni 21 kwa hekta, ingawa msongamano hubadilika sana. Majira ya 1996–97 yalikuwa na takriban hekta 18; ya 2013–14 yalishuka hadi 0.67, ya 2023–24 yalikuwa 0.90, na ya 2024–25 yakapanda hadi 1.79.

California wanahesabu kwa macho. Watu wa kujitolea huhesabu vipepeo katika sehemu ndogo ya kichala, kisha hukadiria ni sehemu ngapi za ukubwa huo zilizomo kwenye mti mzima. Hesabu ya mwaka 2020 haikufikia vipepeo 2,000 katika pwani nzima. Mwaka uliofuata ilipita 240,000. Mwaka 2024 ikarudi kwenye takriban 9,000. Mabadiliko makubwa kiasi hicho yanaonyesha kwa nini hesabu ya mwaka mmoja haitoshi kuhitimisha lolote.

## Wawindaji

Nilifundishwa kwamba monaki ana sumu. Inakuwaje analiwa?

Ni kweli ana sumu. Kiwavi wake hula mimea ya Asclepias, yenye utomvu mweupe uliojaa kemikali ziitwazo kadenolidi, na kemikali hizo hubaki mwilini hadi utu uzima. Kadenolidi huzuia pampu ya sodiamu, yaani protini inayosukuma sodiamu nje ya seli, na kwa ndege wa kawaida matokeo yake ni kutapika. Mtafiti Lincoln Brower alilionyesha hilo katika miaka ya 1960 kwa kumpa ndege wa buluu wa jamii ya kunguru (Cyanocitta cristata) monaki wa kula; baada ya kutapika, ndege huyo alimkataa kila kipepeo wa aina hiyo.

Lakini kiasi cha sumu hakilingani kwa wote. Kinategemea aina ya mmea aliokula kiwavi, hupungua kadiri kipepeo anavyozeeka, na kwa kawaida jike huwa na kiwango kikubwa kuliko dume. Kwa hiyo katika kichala kimoja wamo wenye sumu kali na wasio na sumu yoyote ya maana. Mwindaji anayeweza kutofautisha, au ambaye mwili wake hauathiriwi, anakuta chakula kingi chenye mafuta mahali pamoja katika majira ambayo wadudu wengine ni wachache.

Ni ndege gani wanaowala monaki huko Meksiko?

Wako wawili wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wa kwanza ni orioli mgongo-mweusi (Icterus abeillei), ambaye dume lake ni jeusi na rangi ya machungwa, mwenye mdomo mwembamba uliochongoka. Wa pili ni grosibiki kichwa-cheusi (Pheucticus melanocephalus), mwenye mdomo mnene wa kuvunja mbegu, ambaye huzaliana magharibi mwa Amerika ya Kaskazini na hupitisha majira ya baridi Meksiko. Mwaka 1979 William Calvert, Lee Hedrick na Lincoln Brower walichapisha uchunguzi wa malalo matano ulioonyesha kwamba ndege hawa wawili ndio chanzo cha zaidi ya nusu ya vifo katika malalo mengi waliyoyapima.

Huwinda katika makundi yaliyochanganyika, asubuhi na tena alasiri, nyakati ambazo vipepeo ni baridi. Ukisikia vilio vya ndege vikikaribia huku mabawa yakianza kuanguka kutoka juu polepole, simama ulipo na uangalie matawi ya pembeni. Hapo ndipo wanapoanza.

Wanawezaje kuivumilia sumu?

Kila mmoja ana njia yake, na kwangu hili ndilo jambo la kuvutia kuliko yote katika mada hii.

Orioli hana kinga mwilini. Akila kadenolidi nyingi hutapika kama ndege mwingine. Anachofanya ni kuchagua: humkamata kipepeo, humwonja, na akihisi uchungu humwacha, wakati mwingine akiwa bado hai. Asiye mchungu humpasua tumbo kwa ncha ya mdomo na kuvuta vilivyomo ndani, pamoja na misuli ya kifua, akiliacha ganda la nje, ambalo lina sumu nyingi. Anakula kwa mdomo mwembamba kile ambacho mdomo mnene usingeweza kukitenga.

Grosibiki hajali uchungu. Hulivunja tumbo na kulimeza zima. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba pampu ya sodiamu ya ndege huyu ina mabadiliko ya kijeni yanayofanana na yale yanayompa monaki mwenyewe ustahimilivu, ili asiuawe na sumu aliyoibeba. Hata hivyo ustahimilivu huo una mipaka. Brower na Calvert waliona kwamba ulaji wa ndege malaloni hupanda na kushuka kwa vipindi vya karibu siku nane, jambo ambalo linaweza kuwa ni mapumziko ya mwili kujisafisha.

Na panya?

Panya masikio-meusi (Peromyscus melanotis) hula vipepeo walioanguka chini, na wale waliotua kwenye vichaka vifupi. Misitu hiyo ina aina nyingine za panya, lakini huyu ndiye anayehamia kwa wingi ndani ya malalo na hata kuzaana humo wakati wa baridi, akitegemea chakula hicho. Huwinda usiku, wakati vipepeo hawawezi kutambaa kabisa. Hii ndiyo sababu kipepeo aliyeanguka jioni hujitahidi kupanda juu ya chochote kilicho karibu, iwe ni shina la kichaka au mguu wa suruali yako: sentimita chache juu ya ardhi humwepusha na panya na pia na baridi kali iliyolala chini.

California kuna ndege haohao?

Hapana. Orioli mgongo-mweusi hayuko huko, na grosibiki huwa ameshakwenda kusini wakati huo wa mwaka. Uwindaji wa ndege upo, lakini ni mdogo sana ukilinganisha na wa Meksiko. Baadhi ya malalo yamewahi kushambuliwa na ndege wadogo wa jamii ya Paridae, wanaoning'inia matawini na kudonoa tumbo la kipepeo. Anayeonekana zaidi ni nyigu wa njano wa jenasi Vespula, ambaye humshambulia kipepeo aliye chini, hata akiwa hai, na kumkata vipande.

Ni sehemu gani ya malalo inayoliwa?

Katika malalo ya hekta 2.25 yaliyochunguzwa na Brower na Calvert, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1985, ndege walikula wastani wa takriban vipepeo 15,000 kwa siku, na kufikia mwisho wa majira walikuwa wamekula zaidi ya milioni 2, sawa na karibu asilimia 9 ya wote. Namba hiyo huwashtua watu, lakini asilimia 91 hawakuliwa na ndege.

Swali zito zaidi ni nini hutokea malalo yakipungua ukubwa. Idadi ya ndege haipungui kwa kasi ileile, na malalo madogo yana pembe nyingi kuliko kitovu: sehemu kubwa ya vipepeo wake wako mahali ndege wanapofika kwa urahisi. Kwa hiyo kiasi kilekile cha ulaji, ambacho malalo makubwa hustahimili, kinaweza kuwa pigo kwa malalo madogo. Vivyo hivyo msitu uliokatwa miti kidogo kidogo hufungua njia za ndege kuingia ndani. Uwindaji wenyewe ni wa zamani. Kilicho kipya ni udogo wa kundi linaloubeba.

## Kusoma dalili zilizo chini ya mti

Nitajuaje ni nani aliyemla kipepeo huyu?

Chuchumaa na uangalie bila kuokota. Nchini Meksiko huruhusiwi kubeba chochote, hata bawa. Jambo la kwanza la kutazama ni tumbo.

Ikiwa tumbo lipo lakini limepasuliwa kwa urefu na ndani ni tupu, na mabawa yote manne bado yako kwenye kifua, huyo ni wa orioli. Ikiwa tumbo limeondoka lote, limekatwa pale linapoungana na kifua, huyo ni wa grosibiki, na mara nyingi mabawa huwa yamechanika. Mabaki ya panya kwa kawaida hukutwa yamerundikwa mahali palipojificha, chini ya gogo au kwenye shina la kichaka, kwa sababu panya hupenda kula akiwa amejikinga. Kifua kilichochimbwa na tumbo lililoliwa pamoja katika rundo la namna hiyo ni alama yake. Vipande vilivyokatwa kwa unadhifu, na nyigu wakizunguka, vinajieleza vyenyewe.

Ukikuta kipepeo mzima kabisa, tumbo likiwa jembamba na jepesi, huenda aliishiwa na mafuta. Ukikuta mamia wazima wametapakaa baada ya usiku wa mvua na baridi, tazama jibu kuhusu dhoruba hapa chini.

Kipepeo anaruka lakini bawa lake lina pengo lenye umbo la mdomo. Atapona?

Bawa halioti tena, ila wengi huruka vizuri hata wakiwa wamepoteza sehemu kubwa ya mabawa ya nyuma. Pengo linalolingana pande zote mbili linaonyesha kwamba alikamatwa mabawa yakiwa yamekunjwa, yaani akiwa amepumzika. Aghalabu ndege alimwonja na kumwacha.

Nitofautisheje dume na jike miongoni mwa waliokufa?

Dume ana doa dogo jeusi juu ya mshipa wa kila bawa la nyuma. Jike hana, na mistari yake myeusi ni minene zaidi.

## Maswali magumu

Je, niwafukuze ndege?

Usiwafukuze. Kelele zako zitawarusha vipepeo wengi kuliko ambao ndege angekula, na ndege atarudi ukishaondoka. Orioli na grosibiki nao ni viumbe vya msitu ule, na uwindaji wao ulikuwapo malaloni kabla ya mwanadamu kuanza kupima hekta. Anayetaka kuwasaidia monaki na aelekeze nguvu zake kwenye mti: msitu usiokatwa hupunguza ulaji wa ndege bila mtu yeyote kurusha jiwe.

Nimemkuta kipepeo ameanguka asubuhi, hasogei. Nimwokoe?

Kwanza usimhesabu kuwa amekufa. Chini ya nyuzi 5 kipepeo mwenye afya hulala kama maiti. Kama yuko njiani na atakanyagwa, mwongoza wageni anaweza kumsogeza kwa kijiti hadi kwenye kichaka kinachopata jua. Usimpulizie pumzi ya moto mikononi: ataamka, ataruka hewani kwenye baridi, na ataanguka mbali zaidi. Asiye njiani mwache alipo.

Dhoruba inaua zaidi kuliko ndege?

Katika usiku mmoja mbaya, ndiyo, tena kwa mbali sana. Kipepeo mkavu anaweza kuvumilia baridi hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Aliyelowa huanza kufa kwa wingi kwenye nyuzi 4 hivi chini ya sifuri. Mwezi Januari 2002 mvua ilifuatwa na anga safi na baridi kali, na takriban robo tatu ya vipepeo katika Sierra Chincua na El Rosario walikufa. Palipokuwa na msitu uliofunga vizuri, matawi ya juu yalipokea maji na kuzuia joto kutoroka; penye mianya, vipepeo walilowa na kuganda. Kwa hiyo ukataji miti huua kwa njia mbili, kupitia baridi na kupitia ndege. Walioulinda msitu huo wamelipa gharama kubwa: Homero Gómez González, aliyeongoza ulinzi wa El Rosario, alitoweka Januari 2020 na kukutwa amekufa wiki mbili baadaye.

Viwavi na mayai nao wana wawindaji?

Wanao wengi kuliko vipepeo waliokomaa. Chungu na buibui hula mayai na viwavi wachanga. Nyigu hubeba viwavi vipande vipande. Vunjajungu humpasua kiwavi na kutupa utumbo kabla ya kula kilichobaki. Nzi wa vimelea Lespesia archippivora hutaga mayai juu ya kiwavi, na mabuu yake humla kwa ndani. Kwa makadirio ya kawaida, chini ya yai moja kati ya kumi hufikia utu uzima. Anayeona huruma kwa kipepeo mmoja aliyeliwa malaloni anamtazama aliyeshinda vita vyote hivyo tayari.

Nikipanda Asclepias karibu na malalo ya California nitawasaidia?

La. Ndani ya takriban kilomita 8 kutoka pwani yenye malalo inashauriwa kupanda maua ya mbochi tu. Asclepias ya kitropiki (Asclepias curassavica) hubaki na majani mwaka mzima, huwashawishi vipepeo kutaga wakati wanapaswa kupumzika, na hueneza kimelea Ophryocystis elektroscirrha kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Panda Asclepias za asili mbali na pwani, kwenye maeneo ya uzazi.

Kipepeo wa rangi ya machungwa na nyeusi ninayemwona Mombasa, Dodoma au Muscat ni monaki?

Yule ni ndugu yake, Danaus chrysippus, aliyeenea Afrika nzima hadi Uarabuni na Asia. Kiwavi wake hula mimea ya ukoo uleule wenye utomvu mweupe, ukiwemo Calotropis procera unaoota sehemu kavu za pwani, naye pia hubeba kadenolidi kwa viwango vinavyotofautiana. Hafanyi safari ya kwenda kwenye malalo ya mamilioni. Jioni, hata hivyo, unaweza kuwakuta wachache wamelala pamoja kwenye mabua makavu ya nyasi, na kanuni za kutazama ni zilezile zilizoelezwa juu: fika kabla ya jua kuzama, kaa mbali, rudi alfajiri.

Hakikisha tu kwamba unayemtazama ni yeye. Jike la Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, amemwiga Danaus chrysippus kwa rangi na hata kwa mruko wa polepole, ili ndege waliokwisha kuonja uchungu wamwepuke pia. Angalia ukingo wa mbele wa bawa la nyuma: Danaus chrysippus ana madoa kadhaa meusi katikati ya bawa, Hypolimnas ana doa moja tu kwenye ukingo huo.